Kiti cha Geneva: nani anazisemea hospitali za Taiwan na Somaliland?

Ukiingia Tanga kwa barabara ya Horohoro, kabla hujafika dirisha la uhamiaji unapita kwenye meza ya afya. Ofisa anaomba kadi ya homa ya manjano. Ni kikaratasi cha njano kilichokunjwa, kina jina lako na namba ya pasipoti, tarehe ya chanjo, namba ya toleo la dawa, sahihi ya mchanjaji na mhuri wa kituo. Inaanza kukubalika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 haina mwisho: ukichanjwa mara moja, umechanjwa maisha yako yote. (Wapo wasafiri ambao hadi leo wanahesabu miaka 10, na huwezi kuwalaumu, maana ndivyo ilivyokuwa kwa muda mrefu.)

Masharti ya kadi hii hayakuandikwa Dodoma wala Nairobi. Yamo kwenye viambatisho vya Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007 na zinazozibana nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, WHO. Zikihitaji kurekebishwa, hurekebishwa Geneva, ambako wajumbe wa serikali hukutana kila mwezi Mei katika Mkutano Mkuu wa Afya Duniani. Tanzania ina kiti pale. Kenya inacho. Tuvalu, visiwa ambavyo watu wake wote hawafiki 15,000, inacho. Taiwan, kisiwa chenye watu milioni 23 ambacho China inadai ni chake, haina. Somaliland, iliyojitangaza kujitenga na Somalia, haina. Kosovo, iliyojitenga na Serbia, haina.

Kwenye baraza za kahawa za Ngamiani habari hii ikizuka, huzuka kama ugomvi wa China na Marekani, kila mtu akachagua upande wake kama anavyochagua Simba au Yanga, na kahawa ikaisha. Ugomvi upo, siukatai. Lakini ndani yake kuna jambo ambalo watu wa pwani hii tuna sababu ya kulielewa kuliko wengi: kwamba anayeendesha hospitali na anayesema kwa niaba ya hospitali hizo mbele ya dunia wanaweza kuwa watu wawili tofauti, na yote yanategemea kama watu hao wawili wanaongea.

Tuanze na shirika lenyewe. WHO ni chama cha serikali. Katiba yake ilitiwa saini New York Julai 1946 na kuanza kazi tarehe 7 Aprili 1948, ndiyo maana siku hiyo huadhimishwa kama Siku ya Afya Duniani. Wazo la kuwa na shirika la namna hiyo lilisukumwa San Francisco mwaka 1945 na madaktari wachache, mmoja wao Szeming Sze, Mchina aliyekuwa kwenye ujumbe wa nchi yake. China ilikuwa miongoni mwa waasisi. Wakati huo China ilimaanisha serikali ya Chiang Kai-shek, ambayo mwaka 1949 ilishindwa vita na wakomunisti ikakimbilia kisiwa cha Taiwan. Bara likawa na serikali mpya Beijing. Viti kwenye mashirika ya kimataifa, hata hivyo, viliendelea kukaliwa na waliokimbia, kwa zaidi ya miaka 20.

Mgogoro ulipofika kikomo, Tanzania haikuwa mtazamaji. Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2758 kwa kura 76 dhidi ya 35, nchi 17 zikijizuia. Azimio lilirudisha haki zote kwa Jamhuri ya Watu wa China na kuwaondoa wawakilishi wa Chiang Kai-shek. Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizolidhamini, na balozi wetu Salim Ahmed Salim, kijana wa miaka 29 kutoka Zanzibar, inasimuliwa hadi leo jinsi alivyoshangilia ukumbini. Marekani haikusahau. Mwaka 1981 Salim alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu raundi baada ya raundi, huku China ikimlipa fadhila kwa kumzuia mpinzani wake, Kurt Waldheim.

WHO ilifuata mkondo huohuo Mei 1972. Toka hapo Beijing ndiyo inayokalia kiti.

Nimelitaja hili mapema ili msomaji ajue tunaposimama. Serikali yetu inaitambua China moja, ile ya Beijing, na Taiwan kama sehemu yake, na uhusiano huo una uzito wake kwenye afya: madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964 na Tanzania Bara tangu 1968, na wagonjwa waliotibiwa nao hawakuuliza azimio namba ngapi. Hakuna haja ya kujifanya hatuna upande. Swali ninalolifuata ni dogo zaidi: je, mtu anaweza kubaki na msimamo huo na bado akataka maabara za Taipei, mji mkuu wa Taiwan, ziwe kwenye orodha ya simu?

Wengi hudhani jibu ni hapana kwa sababu wanadhani kuna mlango mmoja tu. Ipo milango kadhaa.

Wa kwanza ni uanachama kamili. Katiba ya WHO inasema uanachama uko wazi kwa nchi zote. Nchi iliyo Umoja wa Mataifa inaingia kwa kuikubali katiba hiyo tu. Isiyokuwemo inaweza kuingia ikipata kura nyingi za kawaida kwenye mkutano mkuu. Hapa watu huchanganya: kule hakuna kura ya turufu. China haiwezi kuinua mkono peke yake ikazuia. Visiwa vya Cook na Niue havimo Umoja wa Mataifa, ila ni wanachama kamili wa WHO. Kinachoizuia Taiwan ni hesabu. Nchi zinazoitambua ni 12 tu, Vatican ikiwemo, na kwa Afrika nzima imebaki Eswatini peke yake. Kura nyingi za Afrika, ya kwetu ikiwemo, zitakwenda upande wa Beijing. Mlango huu umefungwa na utabaki umefungwa kwa muda mrefu.

Wa pili ni wa wanachama washiriki, kama Puerto Rico na Tokelau, maeneo ambayo mambo yake ya nje yanashikwa na nchi nyingine. Taiwan haiutaki, kwa kuwa kuupitia ni kukiri kwamba Beijing ndiye mwenye nyumba.

Mlango wa tatu ndio wenye mambo. Ni wa waangalizi: unakaa ukumbini, unasikiliza, unaweza kuzungumza, hupigi kura. Vatican wamekaa hapo. Palestina wamekaa hapo tangu miaka ya sabini; mwaka 1989 waliomba uanachama kamili na Marekani ikatishia kukata fedha zake, ombi likawekwa kando. Msalaba Mwekundu nao huhudhuria, na wao si nchi hata kidogo. Kwa hiyo kuwa mwangalizi hakumfanyi mtu kuwa taifa, kama ambavyo kukinyima kiti kisiwa hakukifanyi kiache kuugua.

Na Taiwan ilishawahi kukaa hapo. Kuanzia 2009 hadi 2016 ilialikwa kila mwaka kwa jina la Chinese Taipei, jina lilelile inalotumia kwenye Olimpiki. Rais wa Taiwan wakati huo, Ma Ying-jeou, alikuwa akielewana na Beijing, na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Margaret Chan, akawa anatuma barua ya mwaliko. Hakuna nchi iliyoitambua Taiwan kwa sababu ya barua zile. Mwaka 2016 wapiga kura wa Taiwan wakamchagua Tsai Ing-wen, ambaye chama chake hakikubali maelewano ya awali kuhusu China moja, na tangu 2017 barua haikuja tena. Kila Mei nchi rafiki hupendekeza suala hili liwekwe kwenye ajenda, wawili wanasema ndiyo, wawili wanasema hapana, na mwenyekiti anaendelea na mambo mengine.

Udhaifu wa mpango ule uko wazi. Kiti cha watu milioni 23 kilining'inia kwenye barua ya mtu mmoja, na barua ikaning'inia kwenye matokeo ya uchaguzi. Wananchi walipochagua wasichotakiwa kuchagua, madaktari wao ndio walioadhibiwa.

Hasara yenyewe ni ipi? Hapa inabidi twende taratibu, maana pande zote mbili hutia chumvi. Machi 2003 ugonjwa wa SARS, homa kali ya mapafu inayoambukiza, uliingia Taiwan. Mwishoni mwa Aprili hospitali ya Hoping, Taipei, ilifungwa ghafla watu zaidi ya 1,000 wakiwa ndani, wagonjwa na wauguzi pamoja. Wataalamu wa WHO walifika Mei. Katika wiki zile taarifa za kitaalamu zilikuwa zikipitia kwa Wamarekani. Kidonda hicho ndicho kilichowafanya Wataiwan wajenge mfumo wao wa kujilinda, na tarehe 31 Desemba 2019 wakaituma barua pepe WHO kuulizia homa ya mapafu isiyoeleweka huko Wuhan, wakitaja kwamba wagonjwa wametengwa. Taiwan inasema kutaja kutengwa kulitosha kuonyesha kwamba ugonjwa unaambukiza mtu kwa mtu. WHO inasema barua haikutamka hivyo. Nimeisoma hoja ya kila upande na naona zote ni kweli kwa maneno yake. Tatizo ni kwamba mwenye barua hakuwa na kikao cha kuinukia na kusema, “nilimaanisha hivi.”

Halafu kuna upande ambao watetezi wa Taiwan huupitia haraka. Mwaka mzima wa 2020 Taiwan ilipoteza watu saba tu kwa Uviko. Saba. Bila kiti. Aina ya kirusi iitwayo Omicron ilipoingia 2022 vifo vikapanda hadi maelfu, na hapo pia kukosekana kwa kiti sicho kilichoviongeza. Kwa hiyo anayesema kiti kinaokoa maisha moja kwa moja anasema zaidi ya ushahidi alionao.

Sisi wenyewe ni ushahidi wa upande wa pili. Tanzania ilikuwa na kiti Geneva na simu inayofanya kazi, lakini takwimu zetu za Uviko ziliganda kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa hapo zaidi ya mwaka, mpaka serikali ilipobadili mwelekeo mwaka 2021 na chanjo za kwanza zikafika Julai. Mwenye kiti alinyamaza, na asiye na kiti alikuwa akibisha hodi aingie aseme.

Ndiyo maana hoja kwamba Taiwan au Somaliland ziingizwe kwa sababu ni demokrasia, mimi huipokea kwa nusu. Katiba ya WHO haimuulizi mtu kama amepiga kura. Viti vingi pale vinakaliwa na serikali ambazo hazijawahi kushindwa uchaguzi. Ukianza kugawa viti kwa kipimo cha demokrasia utabaki na ukumbi wenye sauti ya mwangwi, na virusi havichagui jimbo. Nusu ninayoikubali ni hii: pale ambapo waziri anaweza kuondolewa kwa kura na magazeti yanaandika, takwimu ni ngumu kufichwa. Taiwan imekuwa ikimchagua rais kwa kura za wananchi tangu 1996. Somaliland, Novemba 2024, mpinzani alishinda na aliyekuwa madarakani akaondoka kwa amani. Taarifa za afya kutoka sehemu kama hizo zina thamani kwa jirani, na ni hasara ya jirani kuzikosa.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu mfano mzuri kuliko yote tunao mbele ya macho, ng'ambo ya maji. Machi 2017 Zanzibar ilipokelewa kuwa mwanachama kamili wa shirikisho la soka la Afrika, CAF. Watu walifurahi sana. Julai mwaka huohuo ikafutwa: Zanzibar si nchi huru, walisema, na nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Miezi minne tu. Mashindano ya Cecafa, kwa upande mwingine, Zanzibar Heroes wanacheza bila shida, na wamecheza kwa miaka. Mpira ni uleule, wachezaji ni walewale, kilichotofautiana ni kanuni ya mlango.

Kwenye afya Zanzibar ina hali ya pekee. Chini ya Muungano afya si jambo la Muungano, mambo ya nje ndiyo ya Muungano. Hospitali za Wete na Mkoani zinaendeshwa na Serikali ya Mapinduzi, lakini kule Geneva inayosema ni Jamhuri ya Muungano. Aliyepanda boti ya Pemba kutoka Tanga anajua kipindupindu kinaweza kusafiri kwenye boti hiyohiyo, na kinapotokea upande mmoja, wizara mbili hupigiana simu. Anayesema na anayeendesha wako kwenye nyumba moja. Wanaweza kukasirikiana, lakini wanaongea.

Kwa Taiwan uzi huo umekatika. Beijing inasema kwa niaba yake huku haiendeshi hata zahanati moja kisiwani. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. China hujibu kwamba imeweka utaratibu: wataalamu wa Taiwan wanaweza kuhudhuria mikutano ya kitaalamu, na tangu 2009 kuna ofisi Taipei inayopokea taarifa za Kanuni za Afya. Ni kweli ipo. Ila chini yake kuna makubaliano ya mwaka 2005 kati ya sekretarieti ya WHO na China, ambayo hayakutangazwa, yanayotaka maombi ya wataalamu hao yaombewe ridhaa mapema, na waraka wa ndani wa 2010 ulioagiza kisiwa kiitwe mkoa wa China. Daktari wa magonjwa ya mapafu akitaka kwenda kwenye mkutano wa kifua kikuu, safari yake inaanzia mezani pa siasa.

Hali ya Somaliland ni nyingine. Ilijitangaza kujitenga Mei 1991, karibu nchi zote za dunia hazijaitambua, lakini WHO ina ofisi ndogo Hargeisa, mji mkuu wake, na kazi inafanyika kimyakimya. Chanjo za kwanza za Covax, mpango wa dunia wa kugawana chanjo za Uviko, zilishuka Mogadishu Machi 2021, na fungu la Hargeisa likatolewa humo. Kinachoniuma zaidi ni kisa cha Edna Adan Ismail: mkunga, mtumishi wa WHO kwa miaka mingi, akastaafu, akarudi Hargeisa, na mwaka 2002 akafungua hospitali ya uzazi kwa akiba yake na michango. Shirika alilolitumikia halina kiti kwa nchi aliyorudi kuitumikia. Nako Sahara Magharibi, eneo ambalo Morocco inadai ni lake, mambo yamegeuka kabisa: kwa kuwa imo Umoja wa Afrika, imo pia chini ya Africa CDC, kituo cha umoja huo cha kudhibiti magonjwa, huku WHO haimo.

Mashirika mengine yamelitatuaje? Kwa kubadili anachohesabiwa mwanachama. Shirika la Biashara Duniani linapokea maeneo ya forodha, kwa hiyo Taiwan iliingia Januari 2002 kama eneo la forodha na China haikutoka. Covax ilihesabu uchumi, na Aprili 2021 Taiwan ikapata AstraZeneca kupitia humo. Halafu kuna jodari. Kwenye tume ya jodari ya Pasifiki ya magharibi, Taiwan ni mwanachama kamili kama “huluki ya uvuvi”, yaani mwenye meli asiyehesabiwa kuwa nchi, kwa sababu meli zake ni nyingi mno kuachwa nje. Kwenye Bahari ya Hindi, ambako meli hizohizo zinavua jodari walewale wanaopita mbele ya pwani yetu, tume iko chini ya shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, kwa hiyo Taiwan haiwezi kuwa mwanachama. Wanakuja Shelisheli, yaliko makao ya tume hiyo, kama wataalamu waalikwa. Wanahesabu samaki, wanatoa takwimu, na hakuna aliyedai kwamba samaki hao wamelitambua taifa lolote. Wavuvi wa mwalo wa Deep Sea hapa Tanga, wanaolalamika kila msimu kuhusu meli kubwa za nje, wangeshangaa kusikia kwamba takwimu za uvuvi zimepata njia ambayo takwimu za homa zimekosa.

Mimi naona kugombania barua ya Mei kila mwaka ni kupoteza nguvu. Kazi iko chini zaidi, kwenye maandishi ya kanuni. Kanuni za Afya zenyewe, ibara ya 3, zinasema zitumike kwa ajili ya kuwalinda watu wote wa dunia, na zinairuhusu WHO kupokea taarifa hata kutoka vyanzo visivyo vya serikali. Mwanya huo ungeweza kuandikwa vizuri: kila mwenye maabara na mipaka anayoisimamia apewe anwani ya kudumu kwenye mfumo, bila kibali cha mwaka, bila bendera na bila kura.

Nafasi ipo kwenye mkataba wa dunia wa majanga ya magonjwa uliopitishwa Mei 2025. Kiambatisho chake kuhusu kugawana vimelea kiliachwa kwa majadiliano zaidi. Kimsingi nchi zinazotuma sampuli za kirusi kipya zitapata fungu, na watengenezaji watakaojiunga watatoa hadi asilimia 20 ya chanjo na dawa zao kwa WHO wakati wa janga, nusu yake angalau ikiwa msaada. Afrika imepigania kifungu hicho kwa bidii kwa sababu tulichomwa na Uviko, tukiwa wa mwisho kwenye foleni. Wajumbe wetu wangeweza kuuliza humo, bila kugusa suala la nani ni taifa, sampuli iliyokuzwa Taipei au Hargeisa itaandikwa kwa jina la nani, na fungu lake litashushwa bandari gani.